Cherehani ya Chumbageni: kisa cha kundi letu la kugawiana vitu Tanga

Tangazo liliingia Alhamisi usiku, muda ambao watu wametoka kuswali Isha na simu ziko mikononi. Lilikuwa na picha tatu. Ya kwanza, cherehani ya miguu, nyeusi, maandishi yake ya dhahabu yamefutika nusu. Ya pili, mkanda wa ngozi uliokatika, umelazwa juu ya pedeli. Ya tatu, droo ndogo ya pembeni iliyovutwa wazi: bobini nne, mkasi ulioshika kutu, na kifungo kimoja cha shati jeupe la shule. Mwenyewe aliandika hivi: "Cherehani ya marehemu mama. Inashona vizuri, mkanda tu ndio umekatika. Naitoa bure, nahamia Dar kwa mwanangu. Niko Chumbageni. Mtu aje kuichukua Jumamosi."

Kulipokucha kundi lilikuwa limeshaumia. Wiki mbili baadaye lilikuwa linakata roho. Admini wa zamu usiku ule nilikuwa mimi, na kilichotuponza zaidi ni kanuni niliyoitunga mimi mwenyewe. Nakieleza kisa hiki mwanzo hadi mwisho kwa sababu nimeshaulizwa na watu wa Muheza, Pangani na hata Lushoto namna ya kuanzisha kundi kama hili, na kila nikianza kujibu najikuta nimerudi kwenye ile cherehani. Majina nimeyaacha, na ukifika katikati utaona kwa nini.

Masufuria ya shangazi

Kundi lilizaliwa msibani. Shangazi yangu alifariki Ngamiani, na arobaini ilipokwisha tukakaa kugawa vitu vyake. Nguo ziliisha siku ileile, ndiyo desturi, kila mtu anajua kanga za marehemu zinakwenda kwa nani. Vilivyobaki ndivyo vilivyotutoa jasho: kabati la kioo, vitanda viwili vya mvule, mbuzi mbili za kukunia nazi, na masufuria makubwa ya shughuli. Ndugu wote wana vyao. Akapita kijana wa chuma chakavu na mkokoteni wake, akayaangalia masufuria, akasema atayachukua kwa kilo.

Iliniuma. Masufuria yaliyopika pilau ya harusi za mtaa mzima yapimwe kwa kilo! Nikayapiga picha, nikawatumia watu 30 na kitu niliokuwa nao kwenye simu: anayeyataka aje, ni bure. Kabla ya magharibi ya siku ya pili vyumba vilikuwa vyeupe, na watu watatu walikuwa wameniandikia kwamba na wao wana vitu. Mmoja feni, mmoja kitanda cha mtoto, mmoja sare. Ilikuwa Januari, shule zimefunguliwa. Elimu bila ada tunayo tangu 2016, lakini sare, viatu na begi vimebaki juu ya mzazi, na kila nyumba yenye mtoto aliyerefuka ina sketi ya bluu isiyomtosha tena. Usiku ule nikaunda kundi la WhatsApp.

Baadaye ndipo niliposoma kwamba kuna waliotutangulia njia hii. Tarehe 1 Mei 2003, huko Tucson, Arizona, Deron Beal alituma barua pepe kwa marafiki kama 30 au 40 na mashirika machache, na ndivyo Freecycle ilivyoanza. Sharti lake kubwa lilikuwa kwamba kila kinachotolewa kiwe bure, kiwe halali, na kifae mbele ya watu wa rika zote. Julai 2013, Rebecca Rockefeller na Liesl Clark wakaanzisha Buy Nothing kwenye kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington, kwa makundi ya Facebook ya mtaa kwa mtaa. Nimechota mengi kwao. Lakini kuna tofauti moja niliyochelewa kuiona. Beal alikuwa anapigana na jaa, alitaka vitu vizima visifukiwe jangwani. Tanga kitu kizima hakifiki jaani. Chupa ya plastiki ina mnunuzi, bati bovu lina mnunuzi, godoro lililochakaa hukatwa likawa mito. Kwetu shida iko kwingine: nani atakipata, atakipata mbele ya macho ya nani, na kesho ataambiwa nini. Jambo hilo lina jina, linaitwa masimango. Mtu wa hapa yuko radhi alale kwenye mkeka kuliko kulalia godoro atakalosimangwa nalo.

Nilianza kundi bila kuliwaza neno hilo hata mara moja.

Alhamisi usiku

Kanuni yetu ilikuwa fupi: wa kwanza kuandika "mimi" ndiye mwenye kitu. Niliipenda kwa sababu haina upendeleo na admini haulizwi la ziada.

Tangazo la cherehani liliingia saa mbili na nusu. Dakika haijaisha, kijana mmoja wa Sahare, dereva wa bodaboda, akaandika "Mimi." Wakamfuata wengine tisa: "Mimi hapo," "Niwekeeni jamani," "Kama wa kwanza haji nipo." Saa tatu na robo akaingia mama mmoja wa Mikanjuni. Yeye hakuandika neno moja. Alianza na "Shikamooni wakubwa zangu," kisha akajieleza. Kwamba ni fundi, kazi kafunzwa na mama yake. Kwamba anashona kwa cherehani ya kukodi, na nusu ya anachopata inaishia kwa mwenye cherehani. Kwamba mumewe kaondoka tangu mwezi wa Ramadhani na hajatuma hata senti. Kwamba ana watoto watatu na mkubwa anaingia kidato cha kwanza. Ujumbe ulijaa kioo kizima cha simu.

Wakati huo tulikuwa tumefika watu zaidi ya 200, na wote waliusoma. Wa kwanza kumjibu aliandika: "Dada, si wewe uliyechukua godoro mwezi jana?" Wa pili: "Na sufuria pia." Wa tatu akaweka kikatuni cha kucheka mpaka machozi. Kisha mmoja akauliza mume mwenyewe ni yupi, na mwingine akamjua, akataja mtaa anakoishi sasa na anaishi na nani.

Niliyaona yote yakipita. Nikaandika: "Jamani, kanuni ni kanuni, wa kwanza ndiye. Cherehani imekwenda Sahare. Tufunge mjadala." Nilidhani nimetuliza. Sikufuta hata ujumbe mmoja. Saa nne kasoro simu ikaniarifu kama admini kwamba namba fulani imetoka kundini. Ilikuwa yake.

Jumamosi kijana wa Sahare akafika Chumbageni na guta, akaamkia, akapewa maji ya kunywa, akaibeba cherehani. Bibi mwenyewe alimwombea dua.

Mgandini

Wiki mbili zikapita. Mwenzetu mmoja alikuwa soko la Mgandini, akaiona cherehani ileile mbele ya kibanda cha fundi, ina mkanda mpya, na bei imeandikwa kwa chaki juu ya meza yake. Akapiga picha akaitupa kundini bila neno.

Yule bibi akatuma sauti, na mtu yeyote aliyeisikia alijua analia. "Mimi nimempa ashone, sikumpa auze. Naitaka cherehani ya mama yangu irudi." Baada ya hapo sauti zilifuatana mpaka nikashindwa kuzifungua. Mtu akaweka namba ya simu ya yule kijana. Mwingine akachukua picha yake kwenye wasifu, akaiandika juu kwa herufi nyekundu: TAPELI. Nilikuwa dukani, simu iko kwenye chaji. Nilipoishika saa tisa alasiri, picha ile ilikuwa imeshatembea, imeingia kwenye kundi la bodaboda, la wazazi wa shule, la watu wa Sahare. Admini anaweza kufuta ujumbe wa mtu yeyote ndani ya kundi lake, nikaufuta. Uliokwisha kutoka nje sina mkono wa kuufikia.

Jioni yake mama wa kijana akanijia nyumbani. Mtu mzima. Nikamwamkia, akaitikia, nikamtolea kiti, hakukaa. Akanieleza kwamba mwanawe alikosa hesabu ya pikipiki siku nne, na tajiri wake alishasema atamnyang'anya chombo. Akakopa pesa ya mkanda, akaufunga, akaiuza cherehani kwa fundi, akalipa hesabu. Kisha akaniuliza:

"Mwanangu, mlimpa au mlimwazima?"

Nikanyamaza.

"Basi kama mlimpa, mwizi ni nani?"

Hakungoja jibu. Swali lake la kwanza ndilo ninalomuuliza kila admini mpya kabla sijamkabidhi zamu.

Barazani

Nililifunga kundi, nikaweka maadmini pekee ndio waweze kuandika, nikatangaza kwamba tutarudi baada ya siku tatu. Hilo nalishikilia mpaka leo. Ugomvi ukianzia kundini haumaliziwi kundini, kwa sababu kila anayetaka kusema neno la kutuliza anajua watu 200 wanamsoma, na neno linatoka kali kuliko alivyokusudia.

Tulikaa wanne kwenye baraza ya nyumba ya shangazi: mimi, admini mwenzangu, bibi wa cherehani, na mzee mmoja jirani, mwalimu wa madrasa, ambaye hayumo kundini kabisa na simu yake ni ya vitufe. Bibi akaeleza uchungu wake. Cherehani ile ndiyo iliyowasomesha. Mama yake alishona sare za watoto wa mtaa mzima kila mwaka shule zikikaribia kufunguliwa, na usingizi wao wa utotoni waliupata kwa mlio wa pedeli. Alikuwa tayari kwenda Mgandini, ainunue kwa pesa yake, ampe yule mama wa Mikanjuni. Admini mwenzangu akasema hata kundi linaweza kuchanga. Lilionekana wazo jema. Mimi nilishaanza kupiga hesabu kichwani.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akatusimulia habari ya Sayyidna Umar. Umar alitoa farasi katika njia ya Mwenyezi Mungu, akampa mtu. Yule mtu hakumtunza, farasi akadhoofika. Umar akataka kumnunua, akidhani atauziwa rahisi, akaenda kumuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie. Akakatazwa: usimnunue, hata akikupa kwa dirhamu moja, kwani anayerudi katika sadaka yake ni kama mbwa anayerudia matapishi yake.

Mzee hakutoa hukumu. Aliongeza tu kwamba Umar hakuwa na nia mbaya, na farasi alikuwa anateseka kweli, na bado aliambiwa aache.

Kundi letu lina Waislamu na Wakristo, na sikuifanya habari ile kanuni ya kundi. Lakini ilinifungua. Buy Nothing nao husema kitu kitolewe bila masharti, na nilikuwa nimeyasoma maneno hayo nikayapita. Kwa mzee nilimwona farasi amekonda, nikamwona Umar amesimama na pesa zake mkononi, halafu nikamtazama yule bibi aliyekaa mbele yangu na pochi yake mapajani.

Bibi alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Na vilivyokuwemo kwenye droo?" Vile hakuvitoa, alivisahau. Mzee akasema kilichosahauliwa hakijatolewa.

Kesho yake nikafuatana naye Mgandini. Fundi alikuwa ameviweka vyote kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya rafu, kama aliyejua kuna mtu atakuja. Bobini akamwachia fundi. Mkasi akamwachia. Alichukua kifungo, akakifunga kwenye pindo la kanga, tukarudi kwa miguu mpaka Chumbageni bila kuzungumza sana.

Nilipokosea

Kosa la kwanza ni ile kanuni ya wa kwanza ndiye. Inaonekana haki, kumbe ni haki ya mwenye bando. Nani yuko na simu saa mbili na nusu usiku, intaneti imewashwa, vidole viko tayari? Kijana wa bodaboda anayengoja abiria kijiweni. Mama wa Mikanjuni alikuwa anatumia simu ya bintiye, na binti hununua bando la siku anapopata mia mbili tatu za kubaki. Kumbe Buy Nothing walishaliona hili. Wao hushauri tangazo liachwe lichemke kwanza, mtoaji asimkimbilie aliyewahi.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Niliwaacha watu waombe hadharani. Ukiwa na mshindani mmoja utaandika "mimi." Ukiwa na tisa utataka kueleza shida yako, na mwenye shida kubwa ndiye atakayejivua nguo zaidi mbele za watu. Halafu wapo wasiotaka kitu chochote, wamo kundini kutazama tu. Nilikuwa nimejenga jukwaa, nikawapandisha wahitaji juu yake mmoja mmoja, na mimi nikakaa pembeni kuangalia saa nani kawahi.

La tatu ni ile "tufunge mjadala." Niliweka aliyeomba na waliomsimanga kwenye kapu moja, nikawanyamazisha wote kwa pamoja. Pale palitakiwa mambo mawili ya haraka: kufuta majibu yale, na kumwandikia yule mama faragha kwamba nimeyaona na hayakubaliki. Robo saa ingetosha.

Kuuza cherehani silihesabu kuwa kosa, na hapa bado natofautiana na wengi kundini. Wapo waliotaka kanuni kwamba kitu kisiuzwe kabla ya miezi sita. Nikawauliza nani atakagua. Tutapita nyumba kwa nyumba kuulizia godoro bado lipo? Hayo yatakuwa masimango yenyewe, tumeyaandikia kanuni. Anayetaka kitu chake kiende kwa mshonaji, amtafute mshonaji, aulize atakavyo, achague atakavyo. Nafasi yake ni kabla ya kutoa. Kikishavuka mlango, ni mali ya mwenzake, na mwenzake akikiuza kulipa hesabu ya pikipiki, kitu kile kimemfaa.

Tulichobadili

Kwanza tulivuka mpaka. Tukaamua matangazo yote yapitie kwa maadmini, wengine wasome tu. Wiki ya kwanza nilipokea picha mpaka za usiku wa manane, naulizwa "tangazo langu mbona bado," na kabati moja lilikaa kwangu siku mbili bila kutoka kwa sababu nilikuwa msibani. Watu wakaacha kuleta. Tukaacha utaratibu huo baada ya mwezi.

Tulichobaki nacho ni hiki. Mtu yeyote anaweka tangazo lake mwenyewe, kitu na hali yake, kasoro zikiwemo, mtaa bila namba ya nyumba, na siku ya kuchukua. Kundini hakuna kujibu. Anayekitaka anamwandikia mtoaji inboksi. Mtoaji anakaa na majina siku nzima, saa 24, kisha anachagua, na hakuna anayeruhusiwa kumuuliza kwa nini. Akishatoa, ananukuu tangazo lake na kuandika "Kimeenda." Jina la aliyepata haliandikwi popote. Picha ya mtu akipokea kitu haipigwi, hata mwenyewe akikubali, kwa sababu anayepewa kitu hana nguvu ya kukataa kupigwa picha. Hili ndilo ninalolikalia macho kuliko yote.

Anayejibu kundini kwa kusahau, tunafuta. Lakini kufuta nako kuna adabu yake. WhatsApp inaacha alama kwamba admini kafuta ujumbe, na watu wana hamu ya kujua kulikuwa na nini. Kwa hiyo kabla hujafuta unamwandikia mwenyewe inboksi: "Kaka, samahani, naondoa ujumbe wako, majibu yanakwenda kwa mwenye kitu." Tangu tuanze hivyo hajatoka mtu kwa hasira.

Kuna jambo la Buy Nothing tuliloliacha kwa makusudi. Wao huhimiza watu waandike shukrani zao mbele ya kundi. Tulijaribu. Ndani ya wiki tatu shukrani zikawa rejista, mtu anaweza kuhesabu nani kachukua mara ngapi. Sasa shukrani zinakwenda kwa mtoaji peke yake. La kutafuta kitu, ambalo Freecycle wamelifanya miaka mingi, tumelichukua lakini tumelivika: mwenye shida anamwandikia admini, admini anaandika "Inatafutwa meza ya kusomea, Makorora." Nani anaitafuta, anajua admini mmoja tu.

Mengine ni ya kawaida. Pesa haipiti kundini, si ya soda wala ya kushukuru. Guta au kirikuu analipa anayechukua, na bei wanapatana kabla. Dawa hazitolewi, kuna mtu alileta vidonge vya presha vya marehemu baba yake kwa nia njema kabisa, tukavikataa. Godoro linakaguliwa kunguni juani kabla ya kupigwa picha. Droo, mifuko na mikoba inafunguliwa na kumwagwa, na hiyo kanuni kila mtu anajua imetoka wapi. Jumbe za mikopo na za "ile pesa tuma kwa namba hii" zinaondoka pamoja na aliyezituma.

La usalama wa wanawake lilihitaji kikao chake. Kwenye kundi la WhatsApp kila mmoja anaiona namba ya mwenzake. Msichana mmoja alipigiwa usiku na mtu anayedai ana kitanda cha kumpa, aje peke yake. Tangu siku hiyo makabidhiano ni mchana, barazani au dukani, hakuna kuingia ndani, na anayetaka kufuatana na mtu anaambiwa afuatane. Anayempigia mwenzake usiku anatoka bila onyo.

Nimeshauriwa kundi tulijaze mpaka 1,024, ukomo wa WhatsApp. Nimekataa. Guta kutoka Pongwe mpaka Raskazone linakula pesa kuliko meza yenyewe, na mtu akikutana sokoni na aliyempa kitu, ni vizuri wakasalimiana. Wa Pongwe wameanzisha la kwao.

Waliotoka

Kundi lilipofunguliwa niliandika ujumbe kuhusu yule kijana. Nikasema alipewa cherehani, ilikuwa mali yake, alikuwa na haki ya kuiuza, na kumwita tapeli ni kosa letu, la kwangu likiwa mbele kwa kuchelewa kufuta. Nikawaomba wote waliosambaza ile picha waufikishe na ujumbe huu kulekule. Wachache walifanya hivyo. Hakurudi kundini. Mara mojamoja hunikuta stendi ya Kange, ananipakia, tunasalimiana, ananishusha. Nauli hapunguzi, na sitarajii apunguze.

Mikanjuni nilikwenda na admini mwenzangu. Tulimkuta kibarazani anashona sare kwenye ile cherehani ya kukodi, pini ziko mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichoma kwenye kanga begani, ndipo akatukaribisha. Nikamwomba radhi. Akasema, "Yameisha, dada." Kisha, akiwa amerudi kutazama kitambaa, akasema godoro lile hakulichukulia yeye, alimchukulia mama yake ambaye amelala mgonjwa chumba cha nyuma. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Hatukumwomba arudi kundini, ingekuwa kumbebesha mzigo mwingine wa kutuondolea aibu yetu.

Miezi mitano baadaye namba nisiyoifahamu iliomba kuingia. Mtaa, Mikanjuni. Nikaipokea kama ninavyopokea nyingine. Ilikaa kimya wiki kadhaa, kisha asubuhi moja likaingia tangazo: mbuzi ya kukunia nazi, kibao cheusi kwa kukaliwa miaka mingi, meno yameng'arishwa. "Ya marehemu mama. Meno bado makali. Majibu inboksi." Nyuma ya ile mbuzi, pembeni mwa picha, ulionekana mguu wa cherehani.

Kesho yake, saa ileile, liliandikwa neno moja: "Kimeenda." Aliyeipata sijui ni nani.